Shajara ya mradi: Land Rover 109 ya jeshi, kinachobaki na kinachotoka

Gari ni Land Rover Series III yenye inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, toleo la jeshi la Uingereza la kubeba redio. Herufi FFR kwenye kibati chake ndizo zinazosema hivyo. Injini ni ya petroli, silinda 4, cc 2286. Umeme ni volti 24, alternata ya ampea 90, matenki mawili chini ya viti, kila moja lita 45. Nyuma kuna difu ya Salisbury, mbele difu ya Rover, zote uwiano wa 4.7. Kazi inayokusudiwa ni watu wanne na mizigo yao kati ya Arusha, Longido, Engaruka na Ziwa Natron. Huko kuna vumbi laini kama unga wa sembe, mawe makali, na makorongo yanayojaa maji asubuhi na kukauka jioni.

Kila badiliko linalopendekezwa linaulizwa swali moja kabla ya spana kushikwa: bila kitu hiki, gari litakwama wapi? Jibu likiwa "halitakwama, ila litapendeza", kitu kinakwenda kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Ukurasa huo umejaa haraka kuliko ule wa mbele.

WIKI YA 1: KUVUA

Meza za redio, nyaya nene za redio, sanduku la kugawa umeme wa redio na viti vya maopereta vimetoka. Kila waya uliokatwa umefungwa kikaratasi chenye jina na kupigwa picha kabla, maana rangi za nyaya za jeshi hazifanani na za gari la kiraia na kitabu cha kiraia kitakupoteza. Sanduku la betri kati ya viti vya mbele limebaki. Liko mbali na joto la injini, liko juu ya maji ya korongo, na linakaa katikati ya gari. Wanaolihamishia mbele chini ya boneti wanahamisha betri kutoka mahali pazuri kwenda pabaya.

Chesisi imegongwa kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Mlio wa kengele ni chuma kizima, mlio mzito ni kutu. Pabovu ni palepale pa siku zote: boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi pembeni, na sakafu ya miguu upande wa dereva. Vipande vibovu vimekatwa hadi kwenye chuma kinachong'aa, kisha bati la mm 2 kwenye chesisi na la mm 1.5 kwenye sakafu. Kiraka juu ya kutu hakikubaliki: kutu inaendelea ndani, na mwaka ujao unachomelea kiraka cha kiraka. Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri na za alternata zinatolewa. Zikibaki, daiodi za alternata huungua bila moshi wala kelele na unagundua kesho yake betri zikiwa chini.

Jambo moja kuhusu bodi. Paneli ni za aluminiamu, fremu na boliti ni za chuma. Zikigusana kwenye unyevu, aluminiamu inaliwa na kugeuka unga mweupe. Kila boliti iliyorudi imewekewa wosha ya plastiki na grisi, na kati ya paneli na fremu umepita utepe wa tyubu ya baiskeli. Kwa gari litakaloishi Tanga au Mombasa kazi hii si ya hiari.

Oili chafu chini ya gari haikupakwa. Inazuia kutu kweli, lakini inalainisha bushi za mpira na hozi za breki, na ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa kwenye majani ya springi.

Spana: gari hili ni la inchi. Nati ya nusu inchi ni mm 12.7, na spana ya 13 inaingia vizuri tu hadi nati ikaze, ndipo inaivuruga pembe. Seti moja ya spana za inchi ni badiliko la kwanza lenye faida, nalo halifungwi kwenye gari.

WIKI YA 2 NA YA 3: UMEME

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda, na ndipo ushauri wa Ulaya unapogongana na mazingira yetu. Uingereza mwenye FFR huambiwa aing'oe volti 24 yote aweke 12, kwa sababu kule balbu, stata na relei za volti 24 hazipatikani duka la jirani. Afrika Mashariki ni kinyume. Fuso, Scania na mabasi ya mikoani yanatembea kwa volti 24, kwa hiyo balbu, relei, honi, mota za waipa na alternata za volti hizo zipo hata Makuyuni. Kubadilisha mfumo mzima hapa ni kazi ya wiki mbili ya kutoka kwenye kinachopatikana kwenda kwenye kinachopatikana. Volti 24 imebaki.

Kisichopatikana ni mfumo wa moto wa injini. Distribyuta ya jeshi imefungwa ndani ya kopo la chuma pamoja na koili yake, nyaya za plagi zimevikwa wavu wa chuma, na plagi zenyewe zina shingo ya kipekee. Yote hayo ni kuzuia mawimbi yasiharibu redio, na kuzuia maji. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi hadi siku koili inapokufa. Siku hiyo unangoja kifurushi kutoka ng'ambo.

Kilichofanyika: distribyuta ya kiraia aina ya Lucas 45D4 imeingia mahali pake bila kubadilisha kitu, kwa sababu ulimi wa chini unaoendeshwa na injini ni ule ule. Pointi zimewekwa mm 0.35 hadi 0.40. Plagi ni za kawaida za NGK BP6ES, mwanya mm 0.75, aina ambayo maduka ya vipuri huwa nayo kwa ajili ya Toyota za zamani. Koili ni ya volti 12, yenye ukinzani wa omu 3, inayotumia ampea 4 hivi.

Volti 12 ya koili inatoka wapi? Njia tatu zilijadiliwa.

Ya kwanza, ambayo mafundi wengi huifanya kwa dakika tano, ni kuchukua waya katikati ya betri mbili. Usifanye. Betri ya chini, ile iliyounganishwa na chesisi, inafanya kazi mbili na ya juu yake moja. Alternata inaona jumla tu, kwa hiyo ya chini inabaki na njaa na ya juu inachemshwa. Ndani ya miezi michache zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake.

Ya pili ni kuweka kizuizi cha omu 3 mbele ya koili. Inafanya kazi. Lakini kwa volti 28 za kuchaji kizuizi kinakula karibu wati 65 kuwa joto, na swichi ikiachwa wazi injini ikiwa imezimika pointi zikiwa zimefunga, kinaweza kuyeyusha kilicho karibu nacho.

Ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: kishusha volti cha 24 kwenda 12, kile kile ambacho madereva wa malori hufungia redio zao. Faida yake kubwa haionekani hadi asubuhi ya baridi. Stata ikizunguka, betri zinashuka hadi volti 18 au 19, lakini kishusha volti bado kinatoa zaidi ya 13, na cheche inakuwa kali pale pale inapohitajika. Kimefungwa ndani ya kabini nyuma ya dashibodi, si chini ya boneti. Vya bei rahisi vimeandikwa ampea 20 na haviwezi. Kabla ya kufungwa kilipimwa mezani kwa balbu mbili za volti 12 wati 55, yaani ampea 9, kwa nusu saa. Kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, rudisha dukani. Cha pili kimefungwa pembeni yake, kimya, kikiwa na soketi ya kuhamishia. Moto wa injini ukitegemea sanduku moja la elektroniki, sanduku la pili ni sehemu ya kazi, si akiba ya ziada.

Kwa kuacha distribyuta ya jeshi tumepoteza kinga ya maji. Grisi ya silikoni imepakwa kwenye ukingo wa kifuniko na kwenye kofia za plagi, na gauni la mpira wa tyubu ya gari limevishwa juu yake. Kipimo cha kuvuka maji kinabaki kile cha Series ya kawaida, sentimita 50.

Alternata ya ampea 90 imetoka. Ilikuwa kwa ajili ya redio, na bila redio gari zima usiku linatumia chini ya ampea 20. Imeingia ya lori, volti 24 ampea 50, yenye reguleta ndani yake. Bracketi imetengenezwa kwa bati la mm 6. Kinachoharibika hapa ni mstari wa puli: zikipishana hata mm 3, feni beti inaliwa upande mmoja na kupiga kelele kabla ya wiki kuisha. Rula ndefu iliwekwa juu ya puli ya krenki na ya alternata, na wosha zikaongezwa hadi rula ikagusa pembe zote nne. Chaji imepimwa: volti 28.1 injini ikiwa kwenye resi ya wastani. Kati ya 27.6 na 28.4 ni salama.

Betri ni mbili za volti 12, Ah 70, za kampuni moja na siku moja. Betri mpya na kuukuu hazifungwi pamoja kwenye mfululizo. Kila mwezi zinapimwa moja moja. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.2 baada ya kulala usiku, moja inaumwa.

Taa za mbele: vioo vya duara vya inchi 7 vinavyopokea balbu ya H4, balbu za lori wati 75/70. Kwa volti 24 kila balbu inavuta ampea 3 tu. Hata hivyo relei mbili zimewekwa, na nyaya za milimita mraba 2.5 zimetoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi za ampea 10, kwa sababu swichi ya kwenye usukani wa Series III haikuundwa kubeba umeme wote wa taa na huungua mguu wake wa plastiki. Badiliko hili ni dogo na linabadilisha usiku kabisa. Mhimili wa taa za LED juu ya kioo umeandikwa ukurasa wa nyuma: kwenye vumbi unakuangazia vumbi.

Mwisho wa umeme: arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Bodi ya aluminiamu iliyopakwa rangi si arthi ya kuaminika. Utepe mmoja mnene umefungwa toka giaboksi hadi chesisi, mwingine toka chesisi hadi fremu ya dashibodi. Nusu ya magonjwa ya taa za Land Rover, zile zinazowaka hafifu ukikanyaga breki, huishia hapo.

WIKI YA 4: BREKI

Mfumo uliokuwepo una njia moja: hozi moja ikipasuka, pedali inaanguka sakafuni na huna breki hata gurudumu moja. Kwa gari la tani mbili linaloteremka Bonde la Ufa, hili halikuhitaji kujadiliwa. Imeingia masta silinda yenye njia mbili, sevo yake (kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye pedali), na mnara wa pedali wa gari lililotoka kiwandani na sevo (ule wa zamani haupokei). Mbele imepata njia yake, nyuma yake. Vakyumu inatoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, kupitia vali isiyorudisha.

Angalizo la mwinuko. Sevo inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu ya injini. Arusha, mita 1400, hewa ina takriban asilimia 85 ya kanieneo la pwani, na ukingo wa Ngorongoro, mita 2300 hivi, asilimia 76. Msaada wa sevo unapungua pamoja nayo. Pedali ngumu kidogo huko juu si ugonjwa.

Jambo la hatari zaidi katika wiki hii ni nyuzi za boliti. Mabomba ya breki ya gari hili yana nati za inchi 3/8 UNF. Ya Toyota na Nissan, ambayo ndiyo yamejaa madukani, ni M10 yenye hatua ya mm 1. Ukizitazama ni ndugu. Nati ya inchi ina kipenyo cha mm 9.5, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka vizuri, inaonekana imekaza, halafu inachomoka siku unapokanyaga kwa nguvu. Kila kiungo kimejaribiwa kwa mkono kwanza. Nati inayocheza kwenye tundu lake imetupwa.

Drami za mbele zina silinda mbili kila upande, na upepo hujificha kwenye ile ya juu. Unaweza kutoa upepo siku nzima na pedali ikabaki laini. Dawa yake ni kulegeza ajasta zote kabisa, ili breki shuu zivutwe na springi zake, pistoni zirudi ndani na nafasi ya upepo kujificha ipungue. Halafu anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia na la karibu. Ukimaliza, kaza ajasta hadi breki shuu zigandamane na drami, kisha legeza hadi gurudumu lizunguke likisugua kwa mbali. Oili ya breki ya DOT 4, lita 1, imetosha, pamoja na ile iliyomwagika. Bamba la breki la kushoto na la kulia halibadilishani: ukilifunga upande usio wake, breki shuu zinavutwa kinyume na breki za mbele zinashika vizuri kwenye rivasi kuliko gari likienda mbele.

Breki za diski ziliulizwa. Zinakauka haraka baada ya korongo, kweli. Lakini kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, drami za inchi 11 zilizorekebishwa vizuri zinatosha, na breki shuu zake zinaweza kubandikwa lainingi upya na fundi yeyote wa mkoa. Ukurasa wa nyuma.

Breki ya mkono inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma, haishiki magurudumu yenyewe. Maana yake mbili. Usiivute gari likitembea, kwa sababu kishindo chote kinapita kwenye krosi na hafu shafti. Na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu lile la hewani kuzunguka na gari linaondoka likiwa limefungwa breki. Mawe mawili chini ya tairi kabla ya jeki, kila mara. Pia, breki ya mkono iliyolowa oili haina tatizo la breki. Ni sili ya shafti ya nyuma ya giaboksi imekwisha. Kubadilisha lainingi bila sili ni kutupa lainingi.

WIKI YA 5: VUMBI KWANZA, MAJI BAADAYE

Bomba refu la kuvutia hewa pembeni ya kioo watu hulifunga kwa ajili ya maji, ilhali faida yake hapa ni vumbi: hewa ya kimo cha paa ni safi kuliko ya kimo cha madigadi. Limefungwa. Lakini sehemu inayoua injini ni hozi kati ya kichujio na kabureta. Ufa mmoja hapo na injini inavuta vumbi ambalo halikupita kwenye kichujio. Hozi mpya, klipu mbili za boliti kila mwisho. Kipimo: injini ikiwa slo, ziba mdomo wa juu wa bomba kwa kiganja. Injini isipozima ndani ya sekunde chache, hewa inaingia pengine. Mara ya kwanza haikuzima. Tundu lilikuwa kwenye kiwiko cha mpira kilichonunuliwa kipya.

Kichujio cha asili ni cha kuogesha hewa kwenye oili. Kimebaki. Cha karatasi huziba baada ya siku mbili nyuma ya msafara, na kipya kiko Arusha. Hiki unakisafisha kwa petroli kidogo porini, unajaza oili ya injini hadi alama, basi. Kuzidisha alama ni kosa la kawaida: oili inanyonywa, injini inatoa moshi wa buluu, na mtu anaanza kufikiria pistoni ringi.

Pumzi za ekseli, yaani matundu yake ya kupitisha hewa, zimeongezewa hozi za mm 8 hadi juu ya chesisi. Sababu: difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta. Pumzi ya asili ikiwa imeziba kwa matope, na mara nyingi imeziba, uvutaji unapitia kwenye sili na unaingiza maji. Oili ya difu yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ushahidi. Hozi mbili, klipu nne, saa moja ya kazi. Katika mradi mzima hakuna badiliko lenye faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye plagi yake ya skrubu. Inafungwa kabla ya kuvuka maji na kufunguliwa baadaye. Ikiachwa wazi, matope yanaingia kwenye klachi. Ikiachwa imefungwa, oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki haina pa kutokea na inalowesha klachi. Plagi sasa inaning'inia kwa mnyororo mfupi kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva.

Kwa maji yanayofika magotini, feni beti inatolewa. Feni ikigusa maji inayarusha kwenye distribyuta, au bapa zake zinapinda mbele na kukata rejeta. Feni ya umeme ingeondoa kazi hiyo. Imekataliwa kwa sababu gari halichemshi: rejeta imefumuliwa na kusuguliwa, thermostati ya nyuzi 82 imebaki. Wanaotoa thermostati "ili gari lipoe" wanapata injini isiyofikia joto lake, oili yenye maji na petroli inayoliwa.

WIKI YA 6: MIGUU

Springi za majani mazito za jeshi zimebaki. Zimefunguliwa, jani la pili lililopasuka upande wa kulia nyuma limebadilishwa, na majani yote yamesuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa grisi ya grafiti. Springi za majani machache mapana zinaendesha laini zaidi, hilo halina ubishi. Ila jani kuu likikatika Engare Sero, kule Ziwa Natron, hakuna fundi wa kukuchongea lingine, wakati jani la kawaida linapatikana kwenye rundo la chuma cha Canter.

Kuinua gari kwa kuweka springi juu ya ekseli: hapana. Pembe ya propela inakuwa kali, krosi zinakatika, usukani unakosa kujirudisha, na gari lenye mizigo juu linaanza kuogopa mteremko wa pembeni. Tairi ya 7.50-16 inapita kwenye kila korongo la njia hii.

Tairi pana nazo hapana. Usukani hauna msaada wa haidroliki, na beringi za mbele zitalipa. Tairi za 7.50-16 ni za malori madogo, zipo kila mji. Upepo: psi 25 mbele na 36 nyuma kwa mzigo, 15 kwenye mchanga mzito kwa mwendo wa kutembea tu. Nati za magurudumu Nm 100 hadi 115, zikarudiwa baada ya kilomita 50. Ukikuta rimu ya jeshi ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa boliti nyingi za duara, toa upepo wote kwa kung'oa vali kabla ya kugusa boliti hata moja. Rimu hiyo ikiachia na upepo ndani, inaua.

Habu za kufungua mbele, zinazoweza kutenganisha magurudumu na shafti zake, zilizofungwa na mwenye gari aliyetangulia kuokoa petroli, zimetoka. Zikiwa wazi, shafti za mbele hazizunguki, na bushi ya juu ya pini ya kugeuzia haipati oili kwa sababu inarushiwa na shafti hiyo hiyo. Bushi ya upande wa kushoto ilikuwa imekauka na kuliwa. Petroli iliyookolewa haifiki bei ya bushi. Flenji za kawaida zimerudi, oili ya EP90 nusu lita kila tufe la kugeuzia gurudumu.

WIKI YA 7: MWENDO

Kwa difu ya 4.7 na gia ya nne, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika gari liko kilomita 82 kwa saa hivi. Difu za 3.54 za Range Rover zingelifikisha 108. Hesabu yake nyingine haisemwi sana: gia ya kwanza ya chini inatoka mgawanyo wa 40.6 kwenda 30.6, yaani robo ya nguvu ya kupanda mawe imeondoka, na injini ya farasi 70 haina ya kugawa. Isitoshe, moyo wa 3.54 wa Rover unaingia mbele tu. Salisbury ya nyuma inahitaji yake.

Ovadraivu ya Fairey inapunguza mzunguko wa injini kwa asilimia 22 na ikizimwa inaacha gia za chini kama zilivyo, kwa hiyo kati ya mbili hizi ndiyo yenye akili. Hufa kwa sababu moja: ina oili yake yenyewe, kidogo, na watu husahau kuipima. Kwa Arusha hadi Namanga, kilomita 110 hivi, ingeokoa robo saa. Ukurasa wa nyuma, lakini kwa penseli.

Injini ya Tdi, ya turbo ya Land Rover za baadaye, ndiyo kila mpita njia anayoitaja. Farasi 111, dizeli, vipuri vipo. Kwa gari la kazi ya kila siku tungeifunga bila kufikiri. Lakini giaboksi ya Series haikuundwa kwa msukumo huo, na gia zake zitaanza kupukutika. Ukibadilisha injini unabadilisha giaboksi, ukibadilisha giaboksi unabadilisha propela, na mwishoni una Defender iliyovaa koti la 109.

WIKI YA 8: KABURETA NA MAJARIBIO

Injini ilikuwa inamisi kwenye slo na kula petroli. Kabureta yake, Zenith 36IV, ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto na kwa skrubu zilizokazwa kupita kiasi, pete ya mpira iliyo katikati inavuja, na petroli inapita njia isiyo yake. Kifuniko kimesuguliwa kwa msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo, kwa mwendo wa herufi 8, hadi alama za kalamu zikafutika uso mzima. Pete mpya, skrubu zikakazwa kwa kupishana, si kwa nguvu. Vali zimewekwa mm 0.25 zote nane. Misi imeisha.

Rangi: kijani cha jeshi kimefutwa, limepakwa la maziwa. Mwenye kutaka kuacha mabaka na alama za kikosi aulize polisi kwanza, si baada ya kusimamishwa.

Jaribio la barabarani: Arusha, Longido na kurudi kwa njia ya vumbi upande wa Kitumbeine. Petroli kilomita 5.2 kwa lita. Joto katikati ya geji. Betri zilitofautiana volti 0.05 asubuhi yake.

Yaliyobaki: tufe la kulia mbele linavuja, krome imetoboka na inakata sili, litajazwa epoksi na kusuguliwa. Mikanda ya viti vya mbele inasubiri bamba la kushikia chini ya sakafu, mm 4. Nati za springi zikazwe tena baada ya kilomita 500. Kishusha volti cha akiba hakijawahi kuwashwa barabarani. Safari ya Natron itaanza nacho.